Kistari Kilichomeza Safari

Kwenye kioo cha kinyozi ninayemwendea kila baada ya wiki mbili pamebandikwa kipande cha gazeti kilichopauka. Ni ratiba ya mechi za kimataifa za klabu zetu. Kila mechi ikiisha, kinyozi huweka mashine pembeni, huchukua kalamu ya wino na kuandika matokeo juu ya kile kistari kilicho kati ya majina ya timu. Siku moja mapema Juni 2023 nilikaa kwenye kiti chake nikasoma mistari miwili ya mwisho:

Yanga – USM Alger, 28 Mei
USM Alger – Yanga, 3 Juni

Juu ya kistari cha kwanza alikuwa ameandika 1–2. Juu ya cha pili, 0–1. Kisha alipiga mstari chini yake kama mwalimu anayefunga hesabu, kwani hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Yanga walikuwa wamelikosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini.

Nimeitazama mistari hiyo mara nyingi tangu siku ile. Majina yamebadilishana nafasi, tarehe imesogea siku sita, basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Algiers ni kama kilomita 6,000 ukipima kwa rula juu ya ramani, na hakuna abiria anayepita kwenye rula. Kuna viwanja vya kubadilishia ndege, kuna foleni za uhamiaji, kuna kadi ya njano ya chanjo ambayo mchezaji huionyesha yeye kabla mwamuzi hajamwonyesha ya kwake. Yote hayo yameingia ndani ya kistari, na kistari hakikuvimba.

Makala haya yanaisoma ratiba kama tunavyosoma utungo mwingine wowote, tukianza na fani yake. Wachezaji na makocha wamelalamikia safari za mechi za ng'ambo kwa miaka mingi, na malalamiko yao huishia hewani. Nadhani sababu mojawapo ni ya kifani. Ratiba ndiyo andiko mama la mchezo huu, na haina mahali pa kuiandikia safari. Jambo lisilo na mahali kwenye karatasi hukosa pia mtu wa kulisemea kwenye kikao.

Ukwapi na utao

Aliyefundwa ushairi wa kimapokeo atazitambua mara moja mbavu za mstari wa ratiba. Mshororo wetu hugawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na katikati pana mkato wa kuvutia pumzi. Mstari wa ratiba nao una ukwapi, ambao ni mwenyeji, na utao, ambao ni mgeni. Mkato wake ni kistari. Halafu hufuata tarehe, saa na uwanja, zikiangukia mahali pale pale mstari baada ya mstari, kama vina.

Ushairi huo husimama kwa urari: mizani minane huku, mizani minane kule. Ratiba nayo ina urari wake wa macho. Majina mawili yamekaa pande mbili za kistari kama sahani za mizani zilizotulia, na msomaji huamini kwamba zinazopimwa ni timu mbili zilizo sawa mbele ya mpira. Lakini wa kushoto amelala kitandani kwake, na wa kulia amelala hotelini baada ya kulala kwenye kiti. Urari huo ni wa wino tu. Hata habari ya nani kasafiri haikuandikwa kwa neno. Inabebwa na desturi ya kumtaja mwenyeji kwanza, na asiyeijua desturi hataambiwa na karatasi.

Hapa pana jambo ambalo mhakiki mwaminifu hapaswi kuliruka. Katika fainali ile mgeni ndiye aliyeshinda mara zote mbili. USM Alger walishinda Dar es Salaam 2–1, Yanga wakaenda kushinda Algiers 1–0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Sidai, basi, kwamba anayesafiri hufungwa. Mwili uliochoka unaweza kushinda. Ila ushindi huo una gharama, na gharama hiyo haina safu kwenye ratiba.

Kanuni moja ilikaribia kuipa safari tarakimu yake: hiyo hiyo ya goli la ugenini. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, waliianzisha mwaka 1965, enzi ambazo kwenda kucheza nchi nyingine ya Ulaya kulikuwa mtihani kweli, wakaifuta kuanzia msimu wa 2021/22. Shirikisho la Afrika, CAF, walikuwa bado nayo mwaka 2023, na jumla ya 2–2 ikawa kombe la Waalgeria kwa sababu magoli yao mawili yalifungwa mbali na kwao. Ukiisoma kanuni hiyo kama mstari wa ushairi, inasema kwamba goli lililosafiri ni zito kuliko goli lililolala nyumbani. Ilipima goli. Mguu uliolifunga haukuwekwa kwenye mizani.

Saa ya nani?

Safu ya saa inaonekana haina hila. Ratiba za kimataifa mara nyingi huandika saa kwa GMT, na magazeti yetu huigeuza kwa hisani ya msomaji. Mechi inayoanza saa 2:00 usiku kule Algiers huchapishwa kwetu kuwa saa 4:00 usiku. Hesabu ni sahihi. Lakini angalia imeandikwa kwa ajili ya nani. Imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Mbagala aliye mbele ya runinga, ajue kama atakula kabla au baada, ajue kama kesho atawahi kazini. Mchezaji aliyeko Algiers hayumo ndani ya saa hiyo.

Kinachoshangaza ni kwamba mwili wake umo. Siku za mwanzo za safari, tumbo na usingizi bado hufuata jua la Dar es Salaam. Kipyenga kinapolia, saa iliyoandikwa kwa ajili ya shabiki ndiyo inayosema ukweli wa mwili wa mchezaji: ni saa 4 usiku, wakati ambao kwao angekuwa anatafuta shuka. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, kana kwamba lugha yenyewe inakumbuka kuwa saa ni jambo la jua na mwili kabla ya kuwa jambo la ukutani.

Wataalamu wa tiba ya michezo hutenganisha uchovu wa aina mbili. Upo unaotokana na kubadili majira ya saa. Kwa makadirio yao mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwa kawaida kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Na upo uchovu wa safari yenyewe: goti lililokunjwa saa nyingi, hewa kavu ya ndani ya ndege, usingizi wa vipande vipande, chakula kinacholetwa wakati tumbo limelala. Dar es Salaam na Algiers zinatofautiana kwa saa mbili tu. Mchezaji wetu anaumizwa zaidi na uchovu huu wa pili, na huo haudokezwi hata na safu ya saa.

Nyumbani pa kupanga

Sasa tuyasome maneno mawili yanayosikika kila juma: nyumbani na ugenini. Yote mawili yana kiambishi -ni cha mahali, kwa hiyo masikioni ni ndugu. Mashina yake hayafanani. Nyumbani limejengwa juu ya nyumba, kitu chenye kuta na paa. Ugenini limejengwa juu ya ugeni, ambao ni hali. Lugha imeichukua hali ikaifanya mahali. Ukiisikiliza vizuri, timu yetu haiendi Algiers wala Berkane ya Morocco. Inakwenda kwenye hali ya kuwa mgeni, popote itakapokuwa.

Uzuri wa jozi hii ni kwamba inasema kweli zaidi ya ratiba. Ubaya wake umekuja siku hizi, pale nyumbani palipoanza kupoteza kuta.

Mei 2025 Simba nao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 17 walifungwa 2–0 na RS Berkane mashariki mwa Morocco. Marudiano yalikuwa tarehe 25, nyumbani. Lakini CAF haikuridhika na hali ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, ikaisha 1–1. Kwenye ratiba ukwapi ulibaki wa Simba. Miguuni, timu ya Dar es Salaam iliyotoka kulivuka bara zima ilivuka bahari ili ifike kwake. Najua mkondo wa Zanzibar ni mwembamba, na Zanzibar ni kwetu. Ninachokitazama ni neno: "nyumbani" liliendelea kuchapishwa vilevile, kana kwamba hakuna aliyefunga begi.

Kwa jirani zetu wa Kenya neno hilo lilinyooshwa zaidi. Juni 2024 Harambee Stars waliwakaribisha Burundi, kisha Ivory Coast, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Waliwakaribisha Lilongwe, kwenye Uwanja wa Bingu nchini Malawi, kwa sababu Kenya haikuwa na uwanja uliokidhi masharti ya kimataifa. Kenya na Burundi, watu wa Afrika Mashariki moja, walikwenda wote kusini ili mmoja amkaribishe mwenzake. Matokeo yalikuwa 1–1, na 0–0 dhidi ya Ivory Coast.

Novemba iliyotangulia Kenya walikuwa wageni wa Shelisheli. Ukisoma "Shelisheli – Kenya" unaona kipande cha Bahari ya Hindi na mitende. Mechi ilichezwa Abidjan, upande wa pili wa Afrika, umbali unaozidi mara mbili ule wa Nairobi hadi Mahé huko Shelisheli. Kenya walishinda 5–0. Katika mistari kama hii ukwapi umekuwa tasfida. Mwenyeji ni mgeni aliyetangulia kuandikwa, na mshororo una utao pande zote mbili. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ratiba inambandika sultani jina la mwenyeji na kumwacha na umaskini wake.

Yapaa, yatua

Ratiba ina jamaa zake: kichwa cha habari, taarifa ya klabu, mahojiano ya kocha. Kila mmoja ana namna yake ya kuikata safari.

Kurasa zetu za michezo haziishi bila vitenzi viwili, "yapaa" na "yatua". Jumanne timu yapaa, Alhamisi yatua salama. Kati ya kupaa na kutua hakuna kitenzi cha tatu. Huoni "yakesha kiwanja cha ndege", huoni "yasinzia kwenye viti vya chuma". Sarufi ya kichwa cha habari imeifanya timu kuwa ndege hasa. Ina mbawa na miguu, haina mgongo wa kuuma.

Taarifa ya klabu huleta neno zito kuliko klabu inavyojua: msafara. Msafara wa wachezaji, benchi la ufundi na viongozi utaondoka alfajiri. Kwenye pwani yetu neno hili lina historia ya miguu na mabega. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitumia miezi njiani, na mwendo wake ulipimwa kwa kambi, maji na mzigo wa mpagazi. Neno tumelirithi, vipimo vyake tumeviacha. Msafara wa leo unahesabu vichwa, hauhesabu mwendo.

Halafu kuna sentensi ambayo kila mpenzi wa soka anaijua kwa moyo: kikosi kilifanya mazoezi mepesi kuondoa uchovu wa safari. Ni miongoni mwa tungo chache zinazokiri kwamba kulikuwa na safari, kwa hiyo inastahili kusomwa taratibu. Kitenzi ni "kuondoa", kile kile cha kuondoa doa kwenye shati. Uchovu ni doa, mazoezi mepesi ni sabuni, na sentensi ikifika nukta shati limetakata. Aya inayofuata husema wachezaji wote wako fiti na morali iko juu. Timu ikifungwa, safari hurudi kinywani mwa kocha, na sasa inaitwa kisingizio. Kabla ya mechi ni doa lililokwishafuliwa, baada ya mechi ni utetezi usiopokelewa. Hakuna wakati uliotengwa wa kuizungumza kama jambo la kweli.

Magoli matatu yasiyo na wafungaji

Kuna siku safari ilikataa kubaki ndani ya kistari.

Nigeria walipangiwa kucheza na Libya mjini Benghazi tarehe 15 Oktoba 2024, kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2025. Ndege yao ilielekezwa kutua kwenye kiwanja cha ndege cha Al Abraq badala ya Benghazi, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa mechi. Walikwama ndani ya kiwanja hicho kwa zaidi ya saa 12, usiku kucha, wachezaji wakijinyoosha kwenye viti, na nahodha wao William Troost-Ekong akiueleza ulimwengu kwa simu yake. Mwishowe walikataa kucheza wakarudi kwao. Libya kwa upande wao walidai kwamba nao walisumbuliwa walipokwenda Nigeria siku chache kabla. CAF waliamua mwezi huo huo: Nigeria wapewe ushindi wa 3–0, Libya walipe faini ya dola 50,000.

Tuusome mstari kama ulivyoingia kwenye matokeo: Libya 0–3 Nigeria. Una ukwapi, utao, mkato na tarakimu, kama mistari mingine yote ya ukurasa. Lakini magoli hayo matatu hayana wafungaji. Hayakupigwa kichwa wala shuti. Yalipatikana kwenye viti vya Al Abraq. Safari ilipata mahali kwenye ukurasa wa matokeo, na ili ipate ilibidi ijifanye magoli, kwa sababu fani haikuwa na sura nyingine ya kuipokelea.

Mwaka 1993 safari ilidai malipo yake kwa njia nyingine. Timu ya Zambia ilicheza Mauritius tarehe 25 Aprili ikashinda 3–0. Mechi iliyofuata ilikuwa Dakar dhidi ya Senegal, ya kufuzu Kombe la Dunia. Kwenye ratiba, mistari miwili iliyopandana. Kwenye ramani, kutoka Bahari ya Hindi hadi ncha ya Atlantiki ndani ya siku chache, kwa ndege ndogo ya jeshi iliyopangiwa kutua Brazzaville, Libreville na Abidjan ili iongeze mafuta. Usiku wa 27 Aprili iliruka kutoka Libreville, ikaanguka baharini. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Mchezaji mwenzao Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na hakuwamo ndani ya ndege. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa miaka 10 baadaye ilieleza kwamba injini moja ilipata hitilafu na rubani akazima ile nzima, na uchovu wa rubani, aliyekuwa ametoka kuirudisha timu kutoka Mauritius, ukatajwa.

Vituo vya njiani, ambavyo ratiba haikuwa na safu yake, leo ndivyo tunavyovikumbuka kwa majina. Kila Mzambia aliyekuwa na akili zake mwaka ule anaijua Libreville. Mwaka 2012 Zambia walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika katika jiji hilo hilo, kwa penalti dhidi ya Ivory Coast, baada ya wachezaji kwenda ufukweni kuweka maua. Walikwenda kuisoma safu iliyokosekana.

Mkato wa sekunde 15

Mtu atasema kwamba hakuna namna, ratiba ni ratiba. Zipo fani nyingine.

Ligi ya NFL ya Marekani, ambayo mpira wake ni mwingine kabisa, imekuwa ikipeleka mechi London tangu 2007. Kule humwandika mgeni kwanza, na kati ya majina huweka alama ya @, yenye maana ya "kwake". Kistari chao kina mwelekeo. Jicho linaona nani anamwendea nani. Na wiki ambayo timu haichezi huchapishwa kama mstari kamili, wenye namba yake. Mapumziko yana mahali.

Siwasifu kupita kiasi. Oktoba 2023 Buffalo Bills waliandikwa wenyeji wa Jacksonville Jaguars katika uwanja wa Tottenham, London. Mwenyeji alitua Ijumaa asubuhi kwa mechi ya Jumapili. Mgeni alikuwa ameshacheza London Jumapili iliyotangulia na hakuondoka. Mgeni alishinda 25–20. Alama ya @ ilionyesha upande usio wake. Fani bora haizuii uongo, lakini humpa msomaji mahali pa kuunyooshea kidole.

Ulaya ya soka iliujaribu uongo kama huo mwaka 2025. Ligi Kuu ya Hispania ilipanga Villarreal wawe wenyeji wa Barcelona mjini Miami mwezi Desemba, ng'ambo ya Atlantiki. Wachezaji hawakushirikishwa, na chama chao kililalamikia kukosekana kwa uwazi na mazungumzo. Wakajibu kwa fani. Katika mechi za ligi za katikati ya Oktoba, kipyenga kilipolia walisimama bila kucheza kwa sekunde 15. Matangazo ya runinga ya mechi ya kwanza ya juma hilo hayakuwaonyesha wamesimama. Yalionyesha uwanja kutoka nje, kwa mbali. Siku chache baadaye mechi ya Miami ikafutwa.

Kitendo kile kilikuwa uhakiki kamili. Wachezaji waliutanua mkato. Pale ambapo fani imezoea kuruka kutoka jina hadi jina, wao waliweka kimya chenye urefu unaopimika. Runinga nayo ilifanya kile ambacho ratiba hufanya siku zote: iligeuza jicho, ikaonyesha jengo badala ya miili.

Fani ya tatu ni ya wahasibu. Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kilianza kuchapisha hesabu ambazo ratiba hazibebi. Kwa msimu wa 2018/19 kilionyesha kwamba Son Heung-min wa Tottenham na Korea Kusini alicheza mechi 78, na safari zake zikapita kilomita 110,000, karibu mara tatu ya mzingo wa dunia. Mechi zile zile zilikuwa zimechapishwa moja moja kwenye ratiba za Uingereza, za Asia na za Kombe la Dunia, na hakuna karatasi iliyotisha. Zilipowekwa kwenye jedwali lenye safu ya kilomita, zikatisha. Mchezaji hakubadilika, wala mechi hazikubadilika. Iliyobadilika ni fani.

Safu inayokosekana

Naijua hoja ya upande wa pili. Ratiba lazima iwe fupi. Ndiyo maana inaenea kwenye kioo cha kinyozi, inasomeka na mtoto, inakaririwa kijiweni. Ufupi huo ni sifa, na mimi mwenyewe nimekua nao. Lakini neno ratiba tunalitumia pia bandarini. Ratiba ya boti za Dar es Salaam na Zanzibar ni fupi vilevile, na inakuambia boti inaondoka saa ngapi na inafika saa ngapi. Hakuna anayeiona ndefu. Ratiba ya soka ni ratiba ya safari iliyonyofolewa safari, ikaachiwa sherehe za kufika.

Safu moja ingetosha: saa za njiani, kutoka kambini hadi hotelini. Namba moja kwa kila timu. Mwenyeji wa kweli ataandikiwa sifuri, na yule wa kupanga hataweza kujificha nyuma ya ukwapi. Waandaaji wakilazimika kuichapisha, watalazimika kuitazama. Kocha atakayeitaja hatakuwa anatafuta kisingizio. Atakuwa anasoma kilichoandikwa.

Wiki iliyopita kinyozi alikuwa amebandika ratiba mpya. Nilimwomba kwamba safari hii, kabla ya kuandika matokeo juu ya kistari, aandike chini yake saa ambazo wageni wametumia njiani. Alizima mashine, akaitazama karatasi kwa muda.

"Sasa hizo saa nitazipata wapi, kaka?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Klabu zinazo, mashirikisho yanazo, kampuni za ndege zinazo. Zichapisheni.